Bango Lililoachiwa Ya Kukulia

Mgeni rasmi, Bi. Valarie Nthiwa, msimamizi wa vibali vya mabango, Bwana Ndeti uliyefuatana naye, Bwana Chifu, majirani zetu wa soko, na nyinyi wazazi ambao watoto wenu tunawavalisha:

Leo kabla hakujapambazuka nilisikia kijiko kikigonga ukingo wa sufuria. Kiligonga mara tatu, kikanyamaza, kikagonga tena. Ukuta kati ya chumba changu na cha mwenyekiti wetu, Kavutha, ni wa mabati, na kwa miaka kumi na minne nimeujua mkono wake kwa sauti. Akiwa na amani, hukoroga chai mara moja akaiacha. Leo alikoroga mpaka nikahisi sukari inaomba msamaha. Nikajua, mgeni rasmi, kwamba hakulala vizuri kwa kukungoja wewe.

Basi umefika. Karibu sana.

KARIBU KWETU

Mimi ni Nyakio, mwandishi wa kikundi. Nimechaguliwa kusoma risala hii si kwa sababu ninajua kuandika kuliko wenzangu, maana niliishia darasa la saba. Nimechaguliwa kwa sababu miwani yangu ndiyo mipya. Mkisikia neno limekosewa, mjue miwani ni mizuri, kosa ni langu.

Umeona mwenyewe njia uliyopita. Mtu akitoka Waiyaki Way hushuka sokoni, akaipita bucha, akampita kinyozi, halafu kuna ujia mwembamba ambao watu wawili wakikutana, mmoja hugeuka ubavu. Mwisho wa ujia huo ndipo tulipo, akina nyanya kumi na mmoja na cherehani tisa. Tumesikia ulikataa gari liwaletee watu vumbi mlangoni, ukashuka barabarani na kutembea. Tumeliona hilo, na tumeliweka moyoni.

Kiti ulichokalia kina mto. Mto huo tumeushona kwa mabaki ya sketi za shule zote sita tunazozihudumia, kwa hiyo umekalia shule sita kwa mara moja. Usihofu, zote zimefungwa.

TULIKOTOKA

Tulianza tukiwa wanne, tumekaa chini ya mwavuli pale sokoni, na cherehani moja ya miguu ambayo Kavutha alikuja nayo kutoka Machakos ikiwa imefungwa kwa blanketi kama mgonjwa. Tulikuwa tukirekebisha tu, zipu, vifungo, magoti yaliyotoboka. Kazi ya sare ilitujia kwa bahati. Mama mmoja alileta sketi ya binti yake, imembana, akauliza kama inaweza kufunguliwa. Kavutha aliigeuza ndani nje, akatafuta kitambaa cha kufungulia, hakukipata. Aliyeishona alikuwa amekata hadi kwenye mfupa.

Kavutha alimwambia yule mama, "Huyu fundi alidhani mtoto wako ni sanamu?"

Akamshonea nyingine. Ndipo ilipozaliwa sheria ya karakana yetu, ambayo hata leo kila anayejiunga nasi huimeza kabla ya kugusa mkasi: Mtoto hukua, kitambaa hakikui. Kwa hiyo kila nguo inayotoka hapa imeachiwa inchi mbili kila upande, zimekunjwa ndani, hazionekani. Mafundi wengine huacha nafasi kidogo tu, ya kushonea. Sisi huacha ya kushonea na zaidi. Tunaiita ya kukulia. Mtoto akirefuka, mama yake huja, tunafungua pindo, tunapiga pasi, na sketi inaingia mwaka mwingine.

Leo tuko kumi na mmoja. Tumetoka Ukambani, Kiambu, Nyeri na Vihiga. Tunaongea Kiswahili kwa sababu ndicho kitambaa kinachotutosha sote.

TUNAYOJIVUNIA

Mgeni rasmi, wazee wetu walitufundisha kwamba anayejisifu hupungukiwa na wa kumsifu. Lakini leo tutawakosea wazee kidogo.

Tunavalisha shule sita. Kuna sketi moja ya kijani iliyovaliwa na dada watatu wa nyumba moja, mmoja baada ya mwingine. Tulifungua pindo lake, tukalikunja tena kwa mdogo, tukalifungua tena. Wa mwisho alipomaliza darasa la nane mama yao aliirudisha, imeoshwa, imepigwa pasi, akasema, "Nimewarudishia mtoto wenu." Iko pale ukutani. Tafadhali iguse kabla hujaondoka.

Tumewafundisha wanawake ishirini na watatu kazi hii. Wengine wamefungua meza zao huko Uthiru na Kawangware. Mmoja, Mukonyo, anashona mapazia ya ofisi huko Upper Hill, kwenye majengo ambayo ukitazama juu shingo inauma. Alituambia kwamba hata mapazia ya mabenki anayaachia ya kukulia. Tulimwuliza dirisha la benki litakua namna gani. Akasema mkono umezoea.

Neno hilo la Mukonyo tulilicheka mwezi wa nne. Hatukujua kwamba mwezi wa kumi na moja tungelilia.

Jambo jingine tunalojivunia ni jina. Katika cheti cha usajili tuliandikisha jina refu lenye maendeleo ndani yake, na hakuna mtu aliyewahi kulitumia. Watoto walituita mashosho, nyanya zao, na wazazi wakafuata. Mtu huulizwa, "Sare umeshona wapi?" naye hujibu, "Kwa mashosho." Mwaka jana tulikwenda kubadilisha cheti. Karani alituuliza kama tuna hakika. Kavutha akamjibu, "Mwanangu, mtu akiitwa na watoto elfu moja, hilo ndilo jina."

JINSI BANGO LILIVYOPANDA NA KUSHUKA

Sasa nafika kwenye jambo lililokuleta.

Ujia wetu unatuficha. Januari iliyopita baba mmoja wa Kabete alizunguka sokoni mara tatu akiwa na mtoto mkononi, akatuulizia, akaelekezwa kwa kinyozi, akaelekezwa kwenye bucha, mwisho akachoka, akanunua sare iliyoshonwa kiwandani. Tulimjua kwa sababu mwezi wa tatu alitupata, akaja na sare hiyo imepasuka kwapani. Tulijaribu kuhesabu ni wangapi kama yeye hawakurudi. Hatukuweza kuhesabu. Mtu asiyekufikia huwezi kumhesabu.

Ndipo tukasema tuweke bango pale kwenye mdomo wa ujia. Kavutha na mimi tulikwenda River Road kwa Hezekiah, ambaye huandika mabango na ana subira ya mkunga. Tulimwambia tunataka bango la futi sita kwa futi tatu. Aliandika kwa brashi, si kwa mashine: SARE ZA SHULE. KWA MASHOSHO. INGIA NDANI. Chini yake akachora mkono unaoelekeza. Kavutha alimwambia mkono ule una vidole vinene sana kwa fundi. Hezekiah akavipunguza pale pale, bila kununa.

Tulilitundika Jumatatu. Siku tatu wazazi waliingia wenyewe bila kuuliza. Siku ya Alhamisi alikuja Bwana Ndeti, mkaguzi wa ofisi yako, ambaye ameketi pale kushoto na sasa anatazama viatu vyake. Usione haya, baba. Ulifanya kazi yako.

Alituuliza, "Mashosho, kibali ya hii bango iko wapi?"

Kavutha akamwambia, "Hilo si tangazo. Hilo ni jina letu."

Bwana Ndeti akavua kofia yake. Akasema, "Shosho, jina ikikaa kwa nyumba ni jina. Ikipanda juu ya barabara inakuwa tangazo."

Tulikuwa tumejua sheria za kushona, za soko, za kanisa na za mwenye nyumba. Hatukujua kwamba hata hewa iliyo juu ya mdomo wa ujia ina sheria yake. Tunasema hili bila kulalamika. Bango likimwangukia mtu, kichwa hakitauliza ni la nani.

Lakini nataka niseme mbele yako namna lilivyoshuka. Vijana wawili walipanda ngazi kulitoa, na Bwana Ndeti aliwaambia, "Polepole, hiyo rangi ni ya watu." Akaomba gunia kwetu, akalifunga ili lisichubuke. Kisha akachukua kalamu, akatuandikia kwenye karatasi ya daftari hati zote zinazotakiwa, moja moja, kwa herufi kubwa, kwa sababu aliona umri wetu. Karatasi hiyo bado tunayo. Mtu anaweza kukunyang'anya kitu akakuachia heshima, na hayo tuliyaona siku ile.

KOSA LETU

Tulianza kutafuta kibali. Siku hizi ombi huanzia kwenye kompyuta, kwa hiyo tulikwenda saiba, duka la kompyuta la Haron, hapa hapa Kangemi. Haron alimpisha Kavutha kwenye kiti chake mwenyewe, yeye akasimama. Aliuliza swali, tukajibu, akaandika. Jina la biashara. Mahali. Maneno yaliyo kwenye bango. Tukafika kwenye vipimo.

Bango lenyewe lilikuwa katika bohari ya jiji, limefungwa kwa gunia. Lakini Kavutha ndiye mkataji wetu, na kipimo kikiingia kichwani mwake hakitoki. Alifumba macho kidogo. Akasema, "Upana inchi sabini na sita. Kimo inchi arobaini."

Mimi nilikuwepo. Nilijua bango ni futi sita kwa futi tatu, yaani inchi sabini na mbili kwa thelathini na sita. Na bado sikusema kitu, kwa sababu masikio yangu hayakusikia kosa. Yalisikia kipimo kamili. Inchi mbili kila upande, ya kukulia. Tulikuwa wanne mle ndani siku hiyo, na wote wanne tuliitikia kwa kichwa kama watu wanaosikia jina la Mungu.

Haron aliuliza, "Mko na hakika?"

Tukamwambia, "Andika vile fundi amesema."

Ombi likapita hatua ya kwanza. Tulipata barua. Tukaruhusiwa kulichukua bango letu kutoka bohari, tukae nalo ndani, lisitundikwe mpaka likaguliwe. Tulishangilia. Tulilisimamisha pale karibu na pasi, tukalivua gunia.

Mwezi wa kumi na moja akaja Bwana Ndeti na tepu ya kupimia, ile ya chuma inayorudi yenyewe. Akapima upana. Akapima tena. Akapima kimo. Akatazama karatasi yake, akatazama bango, akakuna shingo.

"Mashosho, hii bango imepungua."

"Haijapungua," Kavutha akasema.

"Karatasi inasema sabini na sita. Mimi naona sabini na mbili."

"Ndiyo. Tumeacha ya kukulia."

"Ya nini?"

"Ya kukulia, mwanangu. Inchi mbili kila upande."

Bwana Ndeti alitutazama mmoja mmoja. Kisha akaketi kwenye benchi la wateja, akaweka kofia usoni, na mabega yake yakaanza kutikisika. Tulidhani analia, mmoja wetu akaenda kumletea maji. Alikuwa anacheka, lakini alicheka ndani ya kofia ili asitucheke usoni. Alipomaliza akafuta macho, akasema kwa upole, "Shosho, mimi naandika kile naona. Siwezi kuvuta bango kama chapati."

Akatueleza kwamba kuna njia mbili. Ama ombi lianze upya, nalo lingefika hatua hii baada ya shule kufunguliwa, ama bango na karatasi vifanane.

Kavutha hakucheka. Alikwenda kwenye meza ya kukatia, akauchukua mkasi wake, ule mkubwa wa mpini mweusi, akaufunga kwa kitambaa, akaniwekea mkononi. Akasema, "Shika wewe. Mkono uliokosea karatasi utakosea kitambaa."

Mgeni rasmi, tangu siku ile hajakata. Wiki tano sasa. Huja asubuhi, hufagia, huchemsha chai, huweka vifungo, na hukaa mbali na meza ile. Anayekata ni mimi. Na sketi zangu, Mungu anisamehe, zinakwenda upande kama mtu mwenye jiwe kwenye kiatu.

Tulipokuwa tukiandika risala hii alasiri ya juzi, Kavutha alisema, "Hayo msiyaweke. Andikeni habari ya bango tu."

Tukamwambia, "Hii ndiyo habari ya bango."

Akasema, "Basi msitaje jina langu."

Dada yetu Muthoni, ambaye hajawahi kukosa neno, akamwuliza, "Tukutaje nani? Mkataji asiyejulikana?"

Akarudi kwenye vifungo vyake. Sisi tukachukua kwamba amekubali. Kavutha, nisamehe, ninasoma kama ilivyoandikwa.

SIKU TULIYOKUJA KWAKO

Unakumbuka tulikuja ofisini kwako watu watatu. Tulikuwa tumejiandaa kuomba msamaha kwa karani, hatukutarajia kupelekwa kwako. Ulisimama, ukamsukumia Kavutha kiti chako chenye magurudumu, nasi tukakishika kisimkimbize. Ukasikiliza mpaka mwisho bila kutazama simu. Halafu ukauliza, "Mama, hili bango nalo litakua?"

Kavutha alikujibu kwa sauti ndogo, "Kazi ikikua, bango litabaki vile vile?"

Uligeukia dirisha kidogo. Kisha ukasema neno ambalo tumelibeba mpaka leo: "Sheria haikatazi bango kukua. Inataka tu karatasi na bango visemezane."

Tuliondoka na neno hilo. Tukiwa njiani, Muthoni akasimama katikati ya watu, akatushika mikono. Akasema, "Karatasi haiwezi kupunguzwa. Lakini nani alisema bango haliwezi kutiwa pindo?"

Tukageuza safari, tukaenda River Road kwa Hezekiah. Tukamwambia tunataka fremu ya mbao kuzunguka bango lote, upana wa inchi mbili kila upande. Aliuliza kwa nini mbili kamili. Tulipomweleza, aliweka brashi chini, akaenda kumwita jirani yake aje asikie. Kisha akafanya kazi hiyo vizuri kuliko tulivyoomba. Kila shule kati ya sita tunazozivalisha ina kipande chake kwenye fremu, kwa rangi ya sketi yake. Kijani, samawati, damu ya mzee, kijivu, manjano, zambarau. Tumepima sisi kwa tepu yetu ya kitambaa. Sabini na sita kwa arobaini.

Tunaamini bango lenye pindo katika jiji lote ni hilo moja.

Tulimwuliza Bwana Ndeti kama fremu ni sehemu ya bango au ni kitu kingine. Akasema, "Hiyo swali ni ya mkubwa." Tukakuandikia. Ukajibu kwamba utakuja uone kwa macho yako. Ndiyo sababu bango liko pale nyuma yako, limefunikwa kwa shuka jeupe, wala hatujui kama leo litapanda ukutani au litarudi karibu na pasi.

CHANGAMOTO

Sehemu hii katika risala za watu wengine huwa ndefu. Yetu ni fupi.

Magoti yetu hayapendi ngazi. Kompyuta hatuijui, na Haron ana wateja wengine. Kibali ni cha mwaka mmoja, nasi si wasichana, kila mwaka tutakuwa na mwaka mmoja zaidi. Shule zinafunguliwa Januari, na wazazi huanza kutafuta sare Krismasi ikipita tu. Leo ni tarehe kumi na moja Desemba.

Changamoto kubwa nimeshaisoma. Imekaa mstari wa mbele, imevaa kitambaa cha kichwa cha bluu.

MAOMBI YETU

La kwanza, tunaomba ulifunue bango letu, ulitazame, na kama pindo lake linakubalika, utupe kibali leo. Kama halikubaliki, tunaomba utuambie wewe mwenyewe hapa hapa, kwa maneno hayo unayoyasema polepole. Hatutakuchukia. Tutaanza ombi upya kesho yake, na safari hii tutapima kama watu wasiojua kushona.

La pili, tunaomba kwenye fomu, mahali pa vipimo, pawekwe mstari mmoja wa Kiswahili: Pima kitu kilivyo, usiongeze chochote. Usifikiri ni sisi tu. Seremala wa hapa jirani, aliposikia kisa chetu, alikwenda kutazama ombi lake upya. Naye alikuwa ameacha ya kupigia randa.

La tatu, mara moja kwa mwaka, afisa mmoja aje sokoni na meza na muhuri, wafanyabiashara wadogo wafanye upya vibali vyao hapa. Meza tutatoa sisi. Chai pia.

La nne ndilo la mwisho, na halimo katika sheria yoyote. Utakapopima bango, tunaomba usimpe Bwana Ndeti tepu, na usilipime peke yako. Shika ncha moja wewe. Ncha ya pili umpe Kavutha. Asome namba kwa sauti, watu wote hawa wasikie. Iwe sabini na sita au isiwe, yeye ndiye aseme. Mkono huu umekata nguo za watoto elfu moja na ulikosea mara moja, na hata hapo ulikosea kwa kuacha nafasi ya kukua. Tungependa aambiwe hivyo na mtu ambaye si mmoja wetu. Sisi tumeshamwambia, anasema tunampenda tu.

Mkasi wake ninao hapa mfukoni. Umenilemea wiki tano, na ninaomba leo nipumzike.

TUNAKUOMBEA

Mgeni rasmi, Mungu akupe magoti ya kupanda ngazi zako zote. Awape waliokutuma kazini moyo wa kukusikiliza kama ulivyotusikiliza. Bwana Ndeti, Mungu akukumbuke kwa gunia lile. Watoto wenu wavae na wakue, na nguo ziwatoshe.

Ni sisi, Mashosho wa Sare, Kangemi.

Hapo chini kuna maneno machache niliyoyaongeza kwa penseli leo asubuhi. Tulipokuwa tukikunja vitambaa vya meza, Kavutha alinijia, akauliza bila kunitazama, "Nyakio, umemwomba mgeni arudi?"

Nikamwambia, "Na akikataa bango?"

Akasema, "Hasa akikataa. Mtu asije kwetu mara moja tu, na mara hiyo iwe ya kutukatalia, aishi na uzito huo. Mwambie arudi siku ya kawaida, bila karatasi, anywe chai."

Basi ninakuambia kama nilivyotumwa, mgeni rasmi. Ukikubali au ukikataa, tafadhali urudi.